Niliiacha imani; je, Mungu atanipokea tena?

Swali la kwanza

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama niliyezaliwa na kukulia katika familia ya Kilutheri. Nilipata kipaimara, nikaimba kwaya, nikafundisha watoto shule ya Jumapili. Mwanangu wa pekee alipougua nilifunga na kuomba, lakini hali yake ilipozidi kuwa mbaya nikampeleka kwa mganga, na hirizi tulizopewa huko bado zimo ndani ya nyumba. Mtoto akafariki. Siku ya mazishi nilitamka maneno mabaya juu ya Mungu mbele za watu, nikasema sitamwita tena. Nikaacha kanisa, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akinifuata katika kila jambo, akaacha pia. Miaka mingi imepita, na sasa natamani sana kurudi. Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa alinifungulia Waebrania sura ya 6, akanisomea kwamba walioanguka baada ya kupewa nuru haiwezekani kuwafanya upya tena. Akaongeza kuwa kumtukana Mungu baada ya kuijua kweli ndiko kumkufuru Roho Mtakatifu. Tangu hapo sipati usingizi. Je, nimekwisha kupotea?

Msomaji, Mkoa wa Iringa

Jibu

Dada mpendwa, pole sana kwa kufiwa na mwanao. Nalitanguliza neno hilo kwa sababu katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu amekuambia pole, na nadhani ulistahili kuisikia kabla ya kufunguliwa andiko lolote.

Jibu la swali lako ni hapana, hujapotea. Yesu alisema, “wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe” (Yohana 6:37), na hakuweka kando watu waliowahi kuja zamani kisha wakaondoka. Hata hivyo sitaki uishie kwenye neno langu tu, kwa kuwa maandiko uliyosomewa ni mazito, na mtu aliyetishwa kwa Biblia anahitaji kutulizwa kwa Biblia hiyohiyo iliyosomwa kwa uangalifu zaidi.

Waraka kwa Waebrania uliandikiwa Wakristo waliokuwa wamechoka. Sura ya 10 inaonyesha kwamba siku za kwanza za imani yao walivumilia matukano na wakakubali kunyang'anywa mali zao, lakini sasa baadhi yao walikuwa wameanza kuacha kukusanyika, na kulikuwa na kishawishi cha kuitafuta njia nyingine ya kumkaribia Mungu isiyo na aibu ya msalaba. Mwandishi anawaonya watu walio njiani kutoka. Anawaambia kwamba mtu akiiacha dhabihu ya Kristo, hakuna dhabihu nyingine itakayomfaa, na kwamba kwa kadiri anavyoendelea kumkataa Mwana wa Mungu na kumfedhehi hadharani, hakuna namna ya kumfanya upya, kwa sababu anachokataa ndicho pekee kinachoweza kumponya. Hilo ni kweli hata leo. Lakini ni jambo moja kumwonya anayetoka, na ni jambo jingine kabisa kumhukumu anayebisha hodi akitaka kuingia. Mwandishi mwenyewe, mara tu baada ya maneno hayo makali, anawageukia wasomaji wake kwa upole: “Lakini, wapenzi, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu” (6:9). Laiti mzee wako angeendelea kusoma mistari mitatu tu zaidi.

Ni haki nikuambie kwamba walimu wa Kanisa hawakubaliani katika kila kitu kuhusu andiko hili. Wako wanaofundisha kwamba walioelezwa hapo hawakuwa wamezaliwa upya kweli, wako wanaofundisha kwamba mwamini wa kweli anaweza kuanguka na kuipoteza neema, na ubishi huo haujaisha. Lakini Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri wameungana katika jambo linalokuhusu wewe, yaani kwamba anayetubu baada ya kuanguka husamehewa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kanisa ulilokulia linalishika, linasema wazi katika ibara ya 12 kwamba walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kupata ondoleo la dhambi wakati wowote wanapoongoka, na kwamba Kanisa linapaswa kuwatangazia msamaha. Mzee aliyekufungia mlango alikwenda kinyume cha ungamo la kanisa lake mwenyewe, naamini bila kujua.

Sasa dhambi ya kumkufuru Roho Mtakatifu. Soma Marko 3:22-30 polepole. Waandishi waliotoka Yerusalemu walimwona Yesu akiwafungua watu waliofungwa na pepo, na badala ya kushangilia wakasema kwamba anafanya hivyo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Marko anaeleza sababu ya onyo la Yesu: ni kwa vile walivyosema kwamba ana pepo mchafu. Walikuwa watu watulivu, wasomi, waliotazama kazi njema ya Mungu mchana kweupe na kwa makusudi wakaiita kazi ya shetani, wala hawakuona haja ya kusamehewa. Mama anayelia kando ya kaburi la mwanawe na kumrushia Mungu maneno ya uchungu hayumo katika kundi hilo. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa na kumwambia Mungu maneno ambayo wengi wetu tusingethubutu kuyatamka, na mwisho Mungu aliwakasirikia marafiki zake waliojifanya mawakili wa Mbinguni. Sisemi kwamba uliyosema hayakuwa dhambi. Wewe mwenyewe unajua kwamba yalikuwa dhambi, na unayahuzunikia. Nasema kwamba huzuni hiyo haiwezi kutoka kwa moyo ambao Roho Mtakatifu ameuacha, kwa kuwa kazi yake ni kumvuta mtu arudi kwa Baba.

Usiku ule Yesu aliposhikwa, Petro alimkana mara tatu, na safari ya tatu alianza kulaani na kuapa kwamba hamjui mtu huyo. Hakuwa amefiwa na mtoto. Aliogopa maneno ya kijakazi. Na Yesu alikuwa amekwisha kumwambia kabla: “lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako” (Luka 22:32). Maombi yalitangulia anguko. Asubuhi ya ufufuo malaika aliwaagiza wanawake wawaambie “wanafunzi wake, na Petro,” akamtaja kwa jina ili asije akadhani kwamba habari njema zinawahusu wengine tu. Kisha kando ya bahari ya Tiberia Yesu akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo zake.

Yuda naye alijuta. Mathayo 27 inaeleza kwamba alirudisha vile vipande thelathini vya fedha na akaungama kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Lakini alipeleka ungamo lake kwa makuhani, nao wakamjibu, “Basi, haya yatupasa nini sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.” Akatoka akaenda kujinyonga. Kila ninaposikia kwamba mtu aliyekuja na majuto yake amejibiwa kwa andiko la kumfungia mlango, naliogopa jibu hilo la makuhani. Mchungaji, mzee au mwinjilisti anayepokea ungamo la mtu ameshika uhai wa mtu mikononi mwake.

Utarudije basi? Kwanza, ungama kwa Mungu, kwa maneno yako mwenyewe, ukiyataja mambo kwa majina yake: maneno ya kaburini, kwenda kwa mganga, miaka ya kumwacha. Ahadi ya 1 Yohana 1:9, “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu,” iliandikiwa watu ambao tayari walikuwa waamini, na mtume anajihesabu miongoni mwao. Pengine baada ya kuomba hutasikia lolote moyoni, hata hofu isiondoke siku hiyo. Msamaha unasimama juu ya uaminifu wa Mungu, nao ni wako hata usiku ambao moyo bado unatetemeka.

Pili, hirizi zile zitoe nyumbani uzichome. Matendo 19:18-19 inasimulia kwamba huko Efeso watu waliokuwa wamekwisha kuamini walikuja wakaungama matendo yao, na waliotumia uganga wakakusanya vitabu vyao wakavichoma mbele za watu wote, na thamani yake ilikuwa fedha elfu hamsini. Kama unaogopa kuzishika peke yako, mwombe mchungaji aje nyumbani muombe pamoja.

Tatu, mtafute mchungaji wa usharika wako, wala usiishie kwa mzee yule. Mweleze yote faraghani na umwombe akutangazie msamaha kwa jina la Yesu, kwa maana masikio yako yaliyosikia hukumu yanahitaji kusikia na neno hilo. Kama umekuwa nje ya Meza ya Bwana, atakueleza utaratibu wa kurudi kundini.

Na mdogo wako? Alikufuata ulipotoka, kwa hiyo nenda kwake. Usiende kumhubiria, mweleze tu yaliyokupata, umwombe radhi kwa sehemu yako, na umwambie Jumapili utakayokwenda kanisani. Akitaka kufuatana nawe, nendeni pamoja. Akikataa, endelea kumwombea, nawe usimsubiri.

Swali la pili

Mchungaji, kwa heshima. Katika usharika wetu kijana aliyekuwa kiongozi wa kwaya aliiacha imani, akaingia katika ulevi na kumtelekeza mke wake na watoto. Amerudi, ametubu kwa machozi. Baadhi yetu katika baraza la wazee tunasema aanze kuongoza kwaya mara moja kwa kuwa Mungu amemsamehe; wengine wanataka asipewe huduma yoyote maisha yake yote. Ni upande upi wenye haki?

Mzee wa kanisa, Mbeya

Jibu

Mzee wangu, mnazozania jambo ambalo Kanisa lilizozania kwa uchungu mkubwa katika karne ya 3. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia wa dola ya Roma watoe sadaka kwa miungu na kupata hati ya kuthibitisha kwamba wamefanya hivyo. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka, wengine walifukiza uvumba tu, na wengine walinunua hati kwa fedha bila kutoa chochote. Mateso yalipotulia walirudi kwa wingi wakilia mlangoni. Huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, wako waliotaka wapokewe papo hapo, kwa kuwa walikuwa na barua za kuombewa amani, yaani kupokewa tena kundini, kutoka kwa waungama imani walioteswa gerezani. Huko Roma padre Novatian alisema kwamba Mungu akitaka anaweza kuwasamehe, lakini Kanisa halina mamlaka ya kuwapokea tena, hata wakitubu. Akajifanya askofu na kuanzisha kundi lake.

Askofu Cyprian wa Karthago na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251, wakakataa njia zote mbili. Walioshika hati tu wapokewe, kila mmoja baada ya habari yake kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wapite katika toba ya muda mrefu, na anayekaribia kufa apewe amani bila kucheleweshwa. Muda mfupi baadaye, dalili za mateso mapya zilipoonekana, waliamua kuwapokea wote waliokuwa wakidumu katika toba, wapate nguvu ya kusimama safari hii. Navutiwa sana na uamuzi huo wa pili: waliona kwamba aliyeanguka kwa udhaifu anahitaji Meza ya Bwana kuliko mtu mwingine yeyote. Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa Decius na alilaumiwa kwa hilo. Aliuawa kwa ajili ya Kristo tarehe 14 Septemba 258.

Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliweka miaka 12 ya toba kwa walioikana imani bila kulazimishwa. Siwashauri mwige hesabu hiyo. Igeni kanuni ya 12, inayomruhusu askofu kumhurumia zaidi anayeonyesha toba yake kwa hofu ya Mungu, machozi, uvumilivu na matendo mema. Wale wazee hawakuhesabu miaka tu, walimtazama mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Msameheni leo, na ajue kwamba mmemsamehe. Paulo anawaagiza Wakorintho kuhusu mtu waliyekuwa wamemwadhibu, kwamba wamsamehe na kumfariji “asije akamezwa katika huzuni yake ipitayo kiasi” (2 Wakorintho 2:7). Akae na wenzake, aimbe kwaya akiwa mwimbaji, na akifuata utaratibu wenu wa toba ashiriki Meza ya Bwana. Uongozi ni suala jingine. Uongozi ni dhamana, na dhamana hujengwa upya kwa muda. Tena kijana huyu ana deni la kwanza kwa mke na watoto aliowaacha bila matunzo, na baraza lingefanya vyema kumsaidia kulilipa kabla ya kumpa fimbo ya kuongoza waimbaji. Mwekeeni muda unaojulikana na mzee wa kutembea naye, ili asibaki akingoja bila kujua anangoja nini. Wale wanaotaka afungiwe maisha yote wamkumbuke Yohana Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia, hata Paulo akakataa kufuatana naye tena na mitume hao wawili wakatengana kwa ajili yake. Barnaba alimchukua. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni akaandika, “Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi” (2 Timotheo 4:11).

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu limenisumbua kwa muda mrefu. Ibada ya kurudisha watu kundini ni njema, nimeona watu wakitoka humo na nyuso zilizonyooka. Lakini katika sharika nyingi anayesimamishwa mbele ni msichana aliyepata mimba, peke yake, huku mwanamume aliyempa mimba ameketi kwenye benchi bila kuguswa, pengine akipitisha kapu la sadaka. Hiyo si nidhamu ya Kristo. Tena si lazima usharika uelezwe kila kitu; jambo lililofanyika hadharani liungamwe hadharani kwa kifupi, na la faragha libaki kati ya mtubu, Mungu na mchungaji anayejua kutunza siri. Ndugu wa Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walitufundisha kutembea nuruni kwa kuungama waziwazi, na wengi waliponywa. Lakini ungamo lao lilikuwa la hiari, nalo lilitolewa kati ya ndugu waliokuwa tayari kuungama ya kwao pia. Baraza lenu likitaka kumsimamisha kijana huyu mbele ya usharika, wazee watangulie kujiuliza kama wako tayari kusimama pamoja naye.

Swali la tatu

Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nikaacha imani, na sasa nimerudi. Mwinjilisti ananiambia ubatizo wangu wa kwanza umeharibika na lazima nibatizwe upya. Je, ni kweli?

Msomaji, Mombasa

Jibu

Si kweli, ndugu yangu, ikiwa ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wewe uliondoka, lakini Mungu hakuifuta ahadi aliyokupa siku ile. Wale walioanguka Karthago hawakubatizwa tena. Walipomaliza toba yao waliwekewa mikono na askofu na mapadre, wakarudi Mezani. Na katika karne ya 4 Askofu Ambrose wa Milan, akiwajibu wafuasi wa Novatian waliolitumia andiko lile la Waebrania 6 kuwafungia watubu mlango, alilieleza kuwa linahusu ubatizo: kisichowezekana ni kumbatiza mtu mara ya pili, kwa kuwa Kristo alisulibiwa mara moja, ilhali toba ingali wazi kwake.

Yako makanisa yanayobatiza tena watu waliobatizwa wakiwa wachanga, kwa hoja kwamba ubatizo wa kwanza haukuwa na imani ya mbatizwa. Hoja hiyo ina mjadala wake, nao haukuhusu wewe uliyebatizwa ukiwa mtu mzima na kuikiri imani kwa kinywa chako. Mweleze mwinjilisti hivyo kwa heshima. Akishikilia msimamo wake, mwombe mchungaji wenu akae nanyi wawili, na mwende mkiwa na cheti chako cha ubatizo au na mtu mmoja aliyekuwapo siku ile.